Pedi na diski za Prado: kabla hujauliza bei, geuza pedi uangalie mgongo

Mwezi wa sita nilikuwa natoka Njombe na Prado yangu, ile ya toleo la 120, nyuma magunia manne ya viazi na mama mkwe kiti cha mbele. Katikati ya mteremko wa Kitonga, kabla hatujafika Ruaha Mbuyuni, pedali ya breki ikazama, na gurudumu la mbele kushoto likaanza kulia chuma kwa chuma. Nilirudisha gia mpaka namba moja nikajikokota nyuma ya lori hadi penye nafasi ya kuegesha. Tulipotoa tairi, pedi ya ndani ilikuwa bamba tupu la chuma. Nyama yote ya kusugua, nene vilevile, ilikuwa imebanduka kama soli ya kiatu. Pedi zile zilikuwa na miezi minne tu.

Kwa hiyo kwenye mwongozo huu sitakuambia habari za kupunguza mita za kusimama. Nataka uangalie mahali ambapo nyama inashikana na chuma.

Pedi ni bamba la chuma lililogandishwa nyama ya kusugua, inayobana diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu. Kama kiwandani bamba halikusafishwa vizuri, au limepakwa rangi juu ya kutu, kutu inaendelea kutambaa chini ya gundi. Gari letu linavuka mto leo, kesho lipo foleni ya Mwenge, na wengi tunaegesha karibu na upepo wa bahari. Kutu inavimba, inainua nyama kidogo kidogo, na siku diski imepata moto wa mteremko mrefu, inaachia. Unene hauwezi kukuonya, maana nyama bado ipo.

Dukani, washa tochi ya simu. Pitisha ukucha kwenye mshono wa nyama na bamba pande zote nne. Ukucha ukiingia, rudisha. Angalia kingo za bamba kama rangi imetuna vipele. Halafu geuza mgongo: pedi nyingi nzuri zina matundu kwenye bamba ambamo nyama imeingia, unaona viduara vya rangi nyingine. Hapo nyama imeshikwa na kitu zaidi ya gundi. Ubavuni tafuta herufi mbili za msuguano, ya kwanza breki zikiwa za kawaida, ya pili zikiwa moto. FF ni sawa, GG inauma zaidi. Ya kwanza F na ya pili E maana yake zinalegea zikipata moto, na kwa gari la tani mbili na ushee lenye mzigo sizitaki.

Chaguo langu la kwanza ni pedi za Toyota zenyewe pamoja na diski za DBA za Australia. Namba za pedi za mbele huanzia 04465 na za nyuma 04466, mpe muuzaji namba, usimpe jina la gari peke yake. Diski za DBA nazipenda na sifichi. Ndani, kati ya nyuso mbili, wameweka nguzo ndogo ndogo badala ya mbavu ndefu, hewa inapita vizuri, na zile za daraja la 4000 zina rangi ubavuni zinazobadilika kufuatana na joto, hivyo fundi anaona breki zilifika wapi. Chukua zenye mifereji. Zinakwangua tope na maji kwenye pedi, ingawa zinaunguruma kidogo na pedi huisha mapema.

La pili ni pedi za Advics au Akebono, Wajapani wote wawili, pamoja na diski ya Toyota inayoanzia 43512. Kama hubebi mzigo na huendi milimani, ishia hapa, hela nyingine tia mafuta.

La tatu, EBC Greenstuff 6000 za Uingereza, zilizotengenezwa kwa magari ya aina hii. Hazichafui rimu sana.

Diski za matundu matundu ziache. Zinapendeza picha, lakini tope linaziba yale matundu na nyufa huanzia hapohapo.

Pedi za bei ya chini kabisa: weka kwenye gari lisilotoka mjini, na hata hapo zikague kila ukibadilisha oili.

Diski yako ya zamani usiichonge kabla ya kuipima. Ya mbele ya 120 ikiwa mpya ina unene wa milimita 28 na kikomo ni 26. Milimita mbili tu, na fundi wa kuchonga anaweza kuzimaliza mbili zote asubuhi moja. Mwambie pia akwangue kutu kwenye uso wa hab, pale diski inapokalia, kabla ya kufunga mpya, la sivyo usukani utatetemeka na utailaumu diski.

Sasa wauzaji. Mtaa wa Gerezani, Dar, nimeingia maduka matano siku moja, pedi ileile, bei tano. Nikiweka funguo ya Prado mezani bei inapanda. Siku iliyofuata nilimtuma kijana wa fundi kwa miguu, ikashuka. Duka lililoniuzia zile zilizobanduka lilikataa nifungue boksi. "Mama, hiyo orijino ya Japani, ukifungua umenunua." Nikanunua. Nilipoomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikaambiwa mashine haina mtandao. Niliporudi na bamba langu tupu mkononi, kijana yuleyule akaniuliza nina ushahidi gani kwamba nilinunua kwake.

Siku hizi nafungulia boksi pale kaunta, napiga picha pedi zote nne mgongo na ubavu, na risiti inatoka kabla ya pesa kutoka.