Nilikwenda kumlilia mume wangu, nikahojiwa dini

Sitaki kumharibia mtu riziki, ndiyo maana kituo sikitaji. Kiko Kisumu, na mwanzoni kilinipendeza. Dada wa mapokezi alinikaribisha vizuri, na ilipofika alasiri alinitafutia chumba nikaswali, wala sikuwa nimeomba. Hilo namshukuru hadi leo.

Tabu ilikuwa kwa kaunsela mwenyewe.

Nilikuwa nimetoka eda, kule kukaa ndani kwa mjane wa Kiislamu, muda si mrefu. Usingizi hauji, chakula hakishuki, mtoto akiniita sisikii. Nikamwambia kwetu ni Mumias. Akautazama mtandio wangu, akauliza: "Sasa mama, wewe Mluhya, ni mume alikuingiza kwa hii dini?"

"Madam, nimezaliwa Mwislamu." Na babu yangu vilevile! Uislamu uko Mumias tangu enzi za Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, na Nabongo mwenyewe alifariki 1949. Mtu anafanya kazi Kisumu, Mumias hapo jirani, halijui hilo? Na kama halijui, kwa nini nimfundishe kwa pesa yangu, siku niliyokuja na msiba?

Kisha akairukia eda. Ile miezi minne na siku kumi akaiita kifungo, akataka nimtaje shemeji aliyenizuia kutoka. Hakuna aliyenizuia! Siku zile ndizo zilizonishika nisianguke: mama mkwe kando yangu, wanawake wakija kunisomea Yasini, hakuna anayenihimiza nichangamke. Huzuni ilinizidi zilipokwisha, watu wakarudi makwao. Hilo ndilo nililokuja kusema, na kila nikilianza ananirudisha kwa shemeji.

Mwisho akashusha sauti: "Na marehemu, alikuwa na msimamo mkali?"

Marehemu alikuwa fundi wa friji. Amekufa kwa presha.

Nilitaka kuandika kwamba pengine kaunsela alichoka siku hiyo, na kwamba mwenzake wa chumba cha pili anasifiwa. Labda ni kweli. Lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyotetemeka: yule mwanamke alimfanya mume wangu mshukiwa kaburi lake halijakauka. Msiende pale. Kwa sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya 2014 kuna bodi ya kuwasajili na kuwaadabisha, na barua yangu kwao naianza leo.

Na bado nahitaji mtu wa kuongea naye, kwa sababu usingizi haujarudi. Unayemjua kaunsela wa Kisumu au Kakamega anayeweza kusikiliza habari ya eda bila kutafuta mhalifu, awe Mwislamu au Mkristo, tafadhali nielekeze.