Vyumba vya wanachuo au nyumba nzima ya mtumishi?

Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, kila mwenye kiwanja anauliza hivi: nijenge vyumba vya wanachuo kule Ng'ong'ona, karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), au nyumba moja ya familia ya kumpangisha mtumishi wa serikali, Kisasa au Ilazo?

Kwa mapato, vyumba vinashinda. Vyumba sita kwenye kiwanja kimoja huingiza zaidi ya nyumba moja, na akihama mmoja, watano wanaendelea kulipa. Ila chuo kikifunga, wengine hufungasha hadi godoro, na kodi nyingi husubiri bumu, yaani pesa ya mkopo wa chuo. Mtumishi hulipa miezi sita kwa mkupuo, halafu siku moja anapata barua ya uhamisho na nyumba inakaa tupu.

Matunzo ndiko kwenye shughuli. Nina vyumba vinne na simtanki moja ya lita 2,000. Maji ya Dodoma unayajua, yanakuja kwa mgao. Wiki yakikatika, simu yangu haitulii. Koki nimebadilisha mpaka fundi ananiita shemeji. LUKU moja, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, kwa wapangaji wanne ni ugomvi wa kila siku, hasa kwa vile tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo. Wekeni mita ndogo kila chumba. Familia moja huyamaliza hayo yenyewe.

Unaishi hapa hapa mjini? Vyumba vitakulipa. Uko Dar au Mwanza na huna msimamizi, jenga nyumba ya kumpangisha mtumishi.