Fundi ekzosi wa njia ya Mikindani, Mtwara: Coaster yangu ya kulala imepoa

Wadau wa kusini, kama una Coaster au Hiace ya zamani umeigeuza nyumba ya safari na sakafu inachoma miguu, hii inakuhusu. Mi yangu ni Coaster ya 1HZ, dizeli lita 4.2 silinda sita haina turbo, viti nimeng'oa nikaweka kitanda na jiko la gesi. Juzi tunapandisha mlima wa Newala tukitokea Masasi, mke wangu kavuta droo ya chini ya kitanda anakuta mishumaa yote imepinda, na malapa yaliyokuwa sakafuni yamelainika kama chapati. Niliogopa sana aisee.

Kumbe gereji ya kwanza walinifungia sailensa ya gari ndogo halafu bomba lote wakalizungushia kitambaa cha kuzuia joto, sasa moshi wa injini kubwa unabanwa kwenye tundu dogo lazima joto lipande, na hicho kitambaa kwa chumvi ya pwani yetu kinashika unyevu tu, tulipokifungua bomba limeoza kidole kinapita.

Huyu fundi wa njia ya Mikindani hakukimbilia kuchomelea. Aliwasha gari, akaziba mdomo wa ekzosi kwa tambara nene, akainama kusikiliza, tukasikia chi chi chi kwenye manifodi (pale moshi unapotoka kwenye injini kuingia bomba), gasketi ya kuziba hapo imekufa na masizi meusi yako pembeni. Akaniambia "mdogo wangu, wewe unalala na moshi." Ile kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyo kwenye moshi, haina harufu jamani, na watoto wanalala humo humo!

Kwenye sailensa kuna ile ya bomba lenye matundu limezungukwa na pamba ya glasi, inapitisha moshi vizuri ila ina kelele na pamba inaisha taratibu, nikachagua ya vyumba, ile ambayo ndani imegawanywa vyumba vya kupunguza kelele, kubwa, tundu lake sawa na bomba la kiwandani. Kaihamishia nyuma ya difu itoke chini ya kitanda, na mdomo wa bomba kautoa nje kabisa ya bodi mbali na madirisha. Halafu kitu nilichopenda kuliko vyote, bati la alumini la kukinga joto hakulibandika kwenye sakafu, kaweka nafasi ya vidole viwili hewa ipite, anasema likigusa mbao linakuwa kikaango. Nimeenda Lindi saa saba mchana, kufika Mingoyo nikaweka kiganja sakafuni, vuguvugu tu.

Laki mbili na themanini pamoja na sailensa, kwangu ni haki. Ila alisema siku moja zikawa tatu, na mipira ya kuning'inizia kakata ya tairi, kwenye rafu rodi inagonga, nimeshaibadilisha. Pia ukienda toa mtungi wa gesi na godoro mwenyewe kabla hajawasha mashine ya kuchomelea, maana hatakukumbusha.