Wiski changa isiyozimuliwa: chupa ipi uanze nayo

Wiski nyingi za dukani huzimuliwa kwa maji kiwandani hadi asilimia 40 au 43 ya kileo. Chupa iliyoandikwa "Cask Strength" imejazwa kwa ukali ule ule uliotoka kwenye pipa, mara nyingi kati ya asilimia 55 na 61. Maji unatia wewe, na hapo ndipo pesa yako inapolipa. Chupa ya mililita 700 yenye asilimia 60 ina mililita 420 za kileo halisi, yaani ukiizimua hadi 40 unapata lita moja na ushee. Kwa hiyo bei yake ilinganishe na chupa moja na nusu ya wiski ya kawaida, usiilinganishe na chupa moja.

Uchanga wenyewe si ila. Sheria ya Uskoti inadai miaka 3 tu ndani ya pipa la mwaloni. Kinachoharibu wiski changa ni pipa lililochoka: kinywaji hutoka na harufu ya unga mbichi na gundi, na nyuma yake hakuna kitu. Pipa likiwa zuri, miaka 5 inatosha.

1. Glenfarclas 105. Kwa anayeanza, hii ndiyo. Ukali wake ni asilimia 60 kila mara, hivyo kipimo cha maji ukikijua leo utakitumia chupa zote zijazo. Imekaa kwenye mapipa ya mvinyo wa sheri wa Hispania, haitiwi rangi, na ina zabibu kavu, mdalasini na ganda la chungwa. Lebo haitaji umri. Ukiiona ya lita moja, piga hesabu kwa mililita. Huenda ikawa nafuu zaidi.

2. Laphroaig 10 Cask Strength. Inatoka kisiwa cha Islay, Uskoti, ambako shayiri hukaushwa kwa moshi wa mboji, yaani udongo wa mimea iliyooza unaokaushwa na kuchomwa. Inanuka iodini, kamba za mashua na samaki wa kukaushwa, kisha utamu wa vanila kutoka mapipa ya bourbon, wiski ya Marekani. Hutoka kwa matoleo yenye namba, na ukali hubadilika, kwa hiyo soma lebo kabla ya kupima maji. Kama moshi huupendi, usijilazimishe kwa chupa nzima; tafuta toti moja baa kwanza.

3. Aberlour A'bunadh. Mapipa ya sheri tupu, nzito kuliko Glenfarclas, karibu na asilimia 60. Nimeiweka ya tatu kwa sababu matoleo hayafanani. Mapipa ya sheri pia huweza kubeba salfa: ukisikia harufu ya njiti ya kiberiti iliyozimwa, iache glasi dakika 20. Isipoondoka, haitaondoka.

4. Octomore, toleo ambalo namba yake inaishia na .1. Hapa ndipo uchanga unaonekana waziwazi, kwani kwa kawaida ina miaka 5 tu. Moshi wa shayiri yake unazidi sana ule wa Laphroaig, lakini mdomoni ni tamu na laini kuliko moshi huo unavyotisha. Ni wiski bora sana. Nimeishusha hadi hapa kwa sababu ya bei tu, ambayo mara nyingi inakaribia mara mbili ya Glenfarclas. Inunue ukishajua kuzimua.

Ukinunua Nairobi, kagua stempu ya ushuru kwa programu ya Soma Label ya KRA. Tanzania kuna Hakiki Stempu ya TRA. Fanya hivyo kabla ya kulipa.

Sasa maji. Chukua glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, na bomba la sindano la mililita 5 kutoka duka la dawa, bila sindano yenyewe. Mimina mililita 25 za wiski, iache dakika 10. Nusa ukiwa umefungua mdomo kidogo, glasi ikiwa usawa wa kidevu. Ukizamisha pua, kileo kitaiziba na hutasikia kitu kwa dakika kadhaa. Kwenye joto la Mombasa au Dar, mvuke hupanda haraka zaidi, basi isogeze mbali kidogo.

Onja tone moja bila maji, ujue ulipoanzia. Kisha, kwa wiski ya asilimia 60, tia mililita 5 za maji: umefika 50. Ongeza 2.5, uko 46. Ukifikisha jumla ya 12.5, uko 40. Onja kila hatua. Utaona nyuzi kama za mafuta zikijipinda ndani ya glasi, na karibu na 46 wiski huweza kufifia kama imepata ukungu. Hiyo si kasoro, ni mafuta ya ladha ambayo hayakuchujwa kwa ubaridi. Wengi hukosea kwa kumwaga maji kwa mkupuo, na yaliyoingia hayatoki. Maji ya bomba yenye klorini huua harufu, na barafu huifunga kabisa.

Chupa ihifadhi wima, mbali na jua. Ukilaza kileo cha asilimia 60 juu ya kizibo cha gome, kitakitafuna mpaka kikatike unapofungua.