Unga wa ashwagandha: usingizi nimeupata, lebo ndo imenikera

Jamani nimeutumia huu unga wa ashwagandha, mzizi wa dawa za asili za Kihindi, wiki 8 mfululizo, sasa naweza kuusemea. Ukifungua tu kopo harufu inakupokea, nzito kama ya zizini, na wala haujaharibika, hilo jina lenyewe kwa Kisanskriti maana yake harufu ya farasi. Ladha yake ina uchungu kidogo. Ukiumwagia maziwa ya moto yote kwa mpigo unafanya mabonge yanaelea juu hayasagiki, mimi nakoroga kwanza na maziwa kidogo mpaka ushikane kama uji mzito ndo naongeza mengine, kijiko kimoja cha chai kabla ya kulala.

Wiki za mwanzo sikuona kitu kabisa, nikataka kuacha. Kufika kama wiki ya 4 nikashangaa sishtuki tena saa 9 usiku na mawazo ya kazi kichwani, nalala mpaka asubuhi. Tafiti nazo zinaelekea hukohuko, usingizi na msongo wa mawazo, ila nyingi ni ndogo na za wiki chache tu. Siku niliyozidisha vijiko viwili niliharisha.

Sasa lebo. Imeandikwa kwa herufi kubwa ni asili hauna madhara, basi, hamna kingine! Dada yangu anameza vidonge vya thairoidi (ile tezi ya shingoni), akaniomba nimgawie, bahati nzuri nilisoma kwanza nikakuta huu mzizi unaweza kupandisha homoni za thairoidi, yani ningempa kwa upendo nimuumize. Mjamzito asiuguse, unahofiwa kuharibu mimba. Wa kisukari, presha, dawa za usingizi, au dawa za kushusha kinga kama waliopandikizwa figo, muulizeni daktari kabla hamjaonja. Halafu kuna ini, ni nadra lakini wapo walioumia kweli, kwahiyo ukiona macho yamekuwa ya njano, mwili unawasha au mkojo umekuwa kama chai ya rangi acha hapohapo uende hospitali. Denmark waliupiga marufuku mwaka 2023, na kopo langu halina hata mstari mmoja wa onyo.

Nawapa nyota 3, zote za usingizi. Nimepumzika kuutumia kwa sasa maana usalama wake zaidi ya miezi 3 haujapimwa vya kutosha. Wauzaji nimewaandikia waweke angalau onyo la wajawazito kwenye lebo, bado nasubiri wanijibu.