Toyota Aqua katika vilima vya Kigoma: namna ya kuiendesha itumie mafuta kidogo

Karibuni, watazamaji wapendwa. Gari ninalolichambua leo ni Toyota Aqua ya kizazi cha kwanza, ile iliyoanza kuuzwa Japani mwezi Desemba 2011, na uchambuzi wangu utahusu jinsi ya kuiendesha hapa Kigoma ili mfumo wake wa haibridi ufanye kazi uliyoundiwa. Petroli yetu husafirishwa safari ndefu kutoka pwani kabla ya kufika kwenye sheli za Mwanga na Ujiji, na ndiyo maana bei kikomo ambazo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza kila mwezi huwa juu zaidi kwetu kuliko Dar es Salaam. Dereva wa hapa ana kila sababu ya kulijua gari lake vizuri.

Aqua ina injini ya petroli ya lita 1.5, mota ya umeme, na betri kubwa iliyo chini ya kiti cha nyuma. Betri hiyo haichajiwi kwa umeme wa nyumbani. Nguvu yote inayolisukuma gari, hata ile inayopitia kwenye mota, hutokana na petroli uliyoilipia, na kazi ya haibridi ni kuokoa sehemu ya nguvu hiyo ambayo gari la kawaida huipoteza. Ukikanyaga breki katika gari la kawaida, mwendo wote hugeuka joto kwenye pedi na diski, kisha joto hilo huishia hewani. Katika Aqua, ukikanyaga breki taratibu, mota hugeuka jenereta, hulipunguza gari mwendo, na umeme unaopatikana hurudishwa kwenye betri. Ukikanyaga kwa ghafla, pedi huchukua sehemu kubwa ya kazi, na nguvu ambayo ingeokolewa inapotea.

Sasa tazameni barabara inayoshuka kutoka Mwanga kuelekea stesheni ya reli. Madereva wengi wamezoea kuweka nyutro wanapofika mteremkoni kama huo, wakiamini kwamba wanabana mafuta. Nawasihi sana muiache desturi hiyo mnapoendesha haibridi. Gia ikiwa kwenye N, betri haichajiwi, kwa hiyo mteremko ambao ungekupa umeme wa bure unapita bila faida, na isitoshe breki zako zinabeba uzito wote peke yazo huku mota ikiwa imekaa. Iacheni gia kwenye D, muinue mguu kwenye pedali ya mafuta mapema, na muanze kugusa breki mkiwa bado mbali na tuta au kivuko cha watembea kwa miguu. Injini itajizima yenyewe inapowezekana, na kwenye kioo cha dashibodi mtaona alama ikihamia upande ulioandikwa CHG, yaani betri inachajiwa.

Kuna pia gia ya B, ambayo wengi hudhani ni ya kuchaji betri haraka. Hiyo imewekwa kwa ajili ya miteremko mirefu na mikali, ambapo injini hutumika kulizuia gari ili breki zisipate joto kupita kiasi. Ukiitumia wakati wote, ulaji wa mafuta unaongezeka.

Katika kupanda, msilibembeleze gari kupita kiasi. Dereva anayepanda kwa umeme mtupu hadi betri inakaribia kuisha huilazimisha injini kufanya kazi mbili baadaye, kusukuma gari na kujaza betri, na kila nguvu inapogeuzwa kuwa umeme na kurudishwa tena, kiasi fulani hupotea njiani. Iacheni injini iwake, mpande kwa mwendo wa kadiri huku alama ikibaki eneo la ECO, yaani la kubana mafuta, kisha tambarare ikifika mlegeze mguu ili mota ichukue zamu.

Kwenye safari ya Kasulu faida ya haibridi hupungua, kwa kuwa breki hazitumiki mara kwa mara, na ukizidisha mwendo upinzani wa hewa huongezeka kwa kasi kubwa. Hapo kinachosaidia ni mwendo wa wastani usiobadilikabadilika na matairi yenye upepo sahihi.

Msitarajie kilomita 35.4 kwa lita ambazo Aqua ilitangaziwa ilipotoka. Kiwango hicho kilipimwa kwa utaratibu wa Kijapani wa JC08, ndani ya maabara. Pimeni wenyewe: jazeni tangi, rudisheni kihesabu kilomita kwenye sifuri, tembeeni wiki nzima, jazeni tena, kisha mgawe kilomita kwa lita zilizoingia.

Kwa matembezi ya kati ya Ujiji, Gungu na mjini, ninalipendekeza gari hili bila kusita, ingawa liko chini mno kwa barabara mbaya za vijijini. Kabla ya kununua lililotumika, angalieni tundu la hewa lililo pembeni mwa kiti cha nyuma. Feni ya kupooza betri huvuta hewa kupitia hapo, na vumbi letu jekundu la kiangazi likiiziba, betri hupata joto na kuchakaa mapema. Mwambieni fundi aifungue na kuisafisha, na msiweke mizigo wala nguo mbele ya tundu hilo.