Kutuma mzigo kwa treni toka Kigoma: mtafute wakala anayekupa namba ya behewa

Wadau wa Kigoma, Uvinza, Kaliua, Tabora na wote mnaopeleka mawese, sabuni na dagaa wakavu Dar au Mwanza, hii ni rivyu ya mawakala wa mizigo wa reli, wale wanaokusanya mizigo ya wafanyabiashara wadogo kama sisi mpaka behewa linajaa. Majina siweki, nataka ujue wanavyofanya kazi ili ukienda kwa yeyote ujue cha kumdai.

Huyu ninayemtumia sasa hivi nampa nyota nne kati ya tano na sababu kubwa ni moja tu, anakupa namba. Madumu yakishapimwa na kupakiwa anakutumia WhatsApp picha ya ubavu wa behewa ile namba iliyopakwa rangi inasomeka, picha ya sili mlangoni, namba ya hati ya mzigo, af treni ikiondoka anakuandikia tarehe iliyotoka Kigoma na namba ya kichwa kinachovuta. Basi. Hamna stori nyingi.

Yule niliyekuwa naye kabla yake ukimpigia jibu lake ni lile lile, "mama usiwe na wasiwasi, mzigo umeshapanda treni". Treni ipi? "Ya mizigo". Sasa ndugu zangu hiyo ni sawasawa na mtu akupigie aseme nipo kwenye basi la Dar njoo unipokee, mabasi ya Dar yako mangapi. Mawese yangu yakakwama njiani mteja ananipigia kila siku na wakala mwenyewe hana hata namba moja ya kumuuliza mtu wa stesheni, anabaki kusema "tunafuatilia". Unafuatilia nini wakati hujui unachokifuatilia kinaitwaje?

Na hapa ndo pa kuelewa vizuri maana wengi wanadhani ukijua treni umejua mzigo. Tabora ni njia panda. Reli inayotoka Dar ikifika pale tawi moja linakwenda Kigoma, lingine linapanda Isaka mpaka Mwanza, na ukisogea mbele mpaka Kaliua linachomoka la Mpanda. Behewa lililotoka Kigoma na mzigo wa Mwanza haliwezi kumaliza safari na treni iliyolitoa Kigoma, pale Tabora linakatwa, linasubiri, linaungwa kwenye treni nyingine na kichwa kingine na dereva mwingine. Hata la Dar linaweza kukatwa likiwa na ubovu likaachwa stesheni ya njiani wenzake wakaendelea. Kwa hiyo "treni imefika Dar" inaweza ikawa kweli kabisa na mawese yako yako Itigi. Treni inabadilika, kichwa kinabadilika, namba ya behewa haibadiliki. Ukiwa nayo stesheni yoyote mtu akitoka nje na kitabu chake anaweza kukwambia lipo au halipo.

Mzee wangu alikuwa mtu wa reli na mimi haya mambo nayapenda toka mdogo, nimesoma sana wenzetu wanavyofanya, na ukisoma unaona huyu wakala wangu anafuata kitu kile kile wanachofanya makampuni makubwa ya Marekani. Kule treni ya mizigo haiitwi "ile ya mizigo", ina jina la herufi na namba. Chukua BNSF, herufi ya kwanza ni aina ya treni, Z ni ya makontena na matrela yenye haraka kuliko zote, M ni ya mchanganyiko wa mabehewa ya kila aina, C ni makaa ya mawe, E ni mabehewa matupu ya makaa yanarudi, G nafaka, V magari. Halafu herufi tatu za inakotoka na tatu za inakokwenda, kwa hiyo ukiona ZWSPSBD unajua papo hapo hii ni ya haraka imetoka Willow Springs kule nje ya Chicago inakwenda San Bernardino, California. Mwishoni kuna tarehe iliyoondoka, na tarehe hiyo haibadiliki hata ikilala njiani siku mbili, ndo maana treni mbili zenye jina moja zikifuatana hazichanganywi, hii ya tarehe 10 na hii ya tarehe 11. Ndo maana nasema tarehe ya kuondoka ni sehemu ya jina, wakala asiyekupa tarehe kakupa nusu jina.

Union Pacific nao wana mtindo unaofanana na huo, Norfolk Southern wao wanapenda alama fupi, namba ya tarakimu tatu au tarakimu mbili na herufi. Uingereza treni zote za abiria na mizigo zina alama nne mfano 6M23, tarakimu ya kwanza inakuonyesha daraja, 1 ni abiria wa haraka, 4, 6, 7 na 8 ndo za mizigo kulingana na mwendo wake, 6 haitakiwi kuzidi maili 60 kwa saa, herufi inaonyesha upande inakoelekea. Mtu wa reli akiisikia tu anajua aipishe au aisimamishe.

Sasa kilichonifurahisha zaidi ni hiki. Pamoja na jina lote hilo refu, Wamarekani wengi wakiongea redioni au wakitoa ruhusa ya treni kuingia kwenye kipande cha reli hawatumii hilo jina, wanataja namba ya kichwa cha mbele na upande inakoelekea. Kwanini? Kwasababu jina liko kwenye makaratasi na kompyuta, namba ya kichwa iko mbele ya macho, aliyesimama kando ya reli na dereva wa treni inayopishana naye wote wanaisoma. Zamani zaidi treni za kwenye ratiba zilikuwa na namba, kwa kawaida shufwa zinakwenda mashariki na witiri magharibi, ila treni ya ziada isiyo kwenye ratiba ilibeba namba ya kichwa chake tu. Yaani kila jina lina kazi yake: jina la treni ni mpango, namba ya kichwa ni kinachotembea sasa hivi, namba ya behewa ndo mali yako.

Kwetu vichwa navyo vina mpangilio mzuri tu tulioachiwa na shirika la reli la Afrika Mashariki, tarakimu mbili za mwanzo daraja na mbili za mwisho ni namba ya kichwa chenyewe. Ile 5918 iliyoko makumbusho ya reli Nairobi ni daraja la 59 kichwa cha 18, na hao wa daraja la 59 walipewa pia majina ya milima, huyo anaitwa Mount Gelai. Za abiria ndo wananchi wenyewe tunazibatiza, treni ya Mwakyembe pale Dar toka 2012, Deluxe yetu ya huku, na sasa Mchongoko wa SGR. Ya mizigo hamna anayeihangaikia jina wakati ndo imebeba chakula cha watu. Na sisi wa Kigoma tulitakiwa kuwa walimu wa jambo hili, ile meli ya Liemba iliundwa Ujerumani ikafunguliwa ikaja vipande vipande kwenye maelfu ya masanduku, toka Dar ikaletwa kwa reli hii hii, ikaunganishwa hapa ikashushwa ziwani 1915. Bila kila sanduku kuandikwa ni la nini ile meli isingeelea.

Kwa mnaopokea makontena, ya Bujumbura au Kalemie yanayopita bandarini kwetu, hapo mna unafuu. Namba ya kontena ni herufi nne, tatu za mwenye mali na ya nne mara nyingi ni U, halafu tarakimu sita, na tarakimu moja ya mwisho ya kuhakiki inayopigiwa hesabu kutoka kwenye zile nyingine. Mtu akikosea kukusomea tarakimu moja kwenye simu, karibu kila mara ile ya mwisho inagoma. Namba za mabehewa usome mwenyewe kwenye picha, usikubali ya kusomewa, 3 na 8 zilizofifia rangi zinafanana sana.

Nyota moja niliyomnyima wakala wangu ni hii, mzigo ukishapita Tabora anakuwa mzito kupokea simu, na mabadiliko ya pale hakwambii mpaka umuulize. Angekuwa anatuma ujumbe mmoja tu, "behewa limekatwa Tabora, limeungwa tarehe fulani, kichwa fulani", ningempa tano leo. Nimeshamwambia akasema atamweka kijana pale stesheni, nangoja. Ofisi pia ni ndogo, mkijaa mnasimama juani na hamna hata benchi.

Bei hatofautiani sana na wenzake kwa hiyo hiyo isikuvute. Akisema picha ya behewa ni mpaka ulipie pembeni mkatalie, ni haki yako kama risiti. Na madumu yako andika mwenyewe jina na simu kwa maka ya wino usiofutika, ubavuni na siyo kwenye mfuniko maana mifuniko inabadilishwa, karatasi ya kubandika ikipata mafuta inadondoka kabla hata ya Uvinza.

Mimi mawese, sabuni na chumvi napeleka kwa treni. Migebuka na chochote kinachooza bado naweka kwenye basi.